Wahandisi wa hospitali wanastaafu, nani anawashika mkono vijana?

Tukisikia kwamba mtu anafanya kazi hospitali, wengi wetu hapa ughaibuni tunafikiria kazi mbili au tatu tu. Ni daktari, ni nesi, au ni msaidizi wa nesi anayegeuza wazee vitandani zamu mbili mfululizo ili apate kodi ya nyumba na cha kutuma nyumbani. Kuna watu wengine ambao hatuwataji kwa sababu hatuwaoni. Wako chini kwenye vyumba vya boila, wako juu ya paa kwenye mitambo ya hewa, wako nyuma ya milango iliyoandikwa kwamba asiyehusika haruhusiwi kuingia. Hao ndio wanaohakikisha taa zinawaka, oksijeni inafika kitandani na maji ya bomba hayamwongezei mgonjwa ugonjwa mwingine.

Leo tunaomba tuwazungumzie hao, na hasa vijana wanaoanza kuingia katika kazi hiyo hapa Marekani. Wanaingia wakati wenye nafasi nyingi, lakini pia wakati mgumu. Kizazi kikubwa cha Wamarekani waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kati ya mwaka 1946 na 1964, kimefika umri wa kupumzika. Aliye mdogo kabisa kati yao alitimiza miaka 60 mwaka 2024. Katika idara za matengenezo za hospitali, kizazi hicho ndicho kilichoshika funguo kwa muda mrefu. Kinapoondoka kinaacha kazi wazi, na kinaondoka na mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tusichanganye mambo. Mashine za eksirei, za kupima moyo na za kusafisha figo zina mafundi wake, wale wa vifaa tiba. Sisi tunamzungumzia mtu anayeshughulikia jengo na mitambo yake: umeme, jenereta, boila, mabomba, hewa, gesi za tiba, lifti, milango ya kuzuia moto na mfumo wa kengele. Mwingine ana shahada ya uhandisi, mwingine ni fundi sanifu, mwingine alianza kwa kubadilisha balbu na sasa anaongoza idara nzima.

Chukua umeme. Viwango vya Marekani vinataka umeme wa dharura kwenye sehemu nyeti za hospitali urudi ndani ya sekunde 10 baada ya umeme wa kawaida kukatika. Kwa sababu hiyo jenereta hujaribiwa kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa imebebeshwa mzigo, na kila baada ya miezi 36 hujaribiwa kwa saa 4 mfululizo. Sekunde 10 ni muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Kwa mgonjwa anayepumua kwa mashine, hizo si sekunde za kuchezea.

Chukua hewa. Chumba cha upasuaji kinatakiwa hewa yake ibadilishwe mara 20 kwa saa, na msukumo wa hewa ya ndani uwe mkubwa kuliko wa korido, ili mlango ukifunguliwa vumbi na vijidudu visiingie. Chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu ni kinyume chake: hewa ya korido ndiyo iingie ndani, ibadilishwe mara 12 kwa saa kwa vyumba vipya, kisha itolewe nje. Vyumba viwili kwenye jengo moja, kanuni mbili zinazopingana. Fundi akikosea kurekebisha mtambo, chumba kinachotakiwa kuzuia ugonjwa kinausambaza, na hakuna anayeona kwa macho.

Chukua maji. Mwaka 1976 askari wastaafu wa chama cha American Legion walifanya mkutano wao Philadelphia, na wengi wao wakapatwa na homa kali ya mapafu iliyoua baadhi yao. Mwaka uliofuata wataalamu walimtambua bakteria aliyehusika, akapewa jina la Legionella. Bakteria huyo anapenda maji ya vuguvugu yaliyotulia. Hospitali inapofanya ukarabati, sinki likaondolewa na bomba lake likazibwa tu mwishoni, maji yanabaki yamelala humo. Aliyeziba bomba alidhani amemaliza kazi, kumbe amefuga tatizo ukutani.

Mambo haya yanasimamiwa kisheria. Mwaka 2016 idara ya serikali inayosimamia bima za Medicare na Medicaid ilipitisha matoleo ya mwaka 2012 ya vitabu viwili vya viwango, NFPA 101 kuhusu usalama wa maisha ndani ya majengo na NFPA 99 kuhusu vituo vya afya, na hospitali zinakaguliwa kwa kuvifuata. Hospitali ikishindwa kurekebisha kasoro kubwa inaweza kupoteza malipo ya bima hizo. Ndiyo maana kijana mwenye spana mkononi anajikuta ana karatasi nyingi kuliko karani.

FUNZO LA NEW YORK

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipiga New York. Hospitali ya NYU Langone ilipoteza umeme wa dharura, ikalazimika kuhamisha wagonjwa zaidi ya 300, wakiwemo watoto wachanga 20 wa uangalizi maalumu waliobebwa kwa mikono kushuka ngazi. Jirani yake, hospitali ya Bellevue, jenereta zake zilikuwa juu, ghorofa ya 13, mahali ambapo mafuriko hayawezi kufika. Lakini pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini, na chini ndiko maji yalikoingia. Watu walipanga mstari kwenye ngazi wakipandisha mafuta kwa mikono ili jenereta zisizimike. Baadaye hospitali hiyo nayo ilihamisha wagonjwa wake.

Tunaukumbusha mkasa huu kwa sababu moja. Kijana anayetoka chuoni amefundishwa jenereta inavyofanya kazi. Anajua pistoni, anajua volti, anajua kusoma mita. Mara chache sana amefundishwa kuuliza swali la kizee: mafuta yake yanapita wapi, na njia hiyo ikizama tutafanyaje? Swali la namna hiyo linatoka kwa mtu aliyekaa na jengo muda mrefu, na kijana hulipata akitembea naye.

SHIDA YA ANAYEANZA

Hospitali nyingi hazikujengwa siku moja. Jengo la zamani limeungwa na la miaka ya 1980, nalo likaungwa na jipya la juzi. Ramani za kwanza zinasema vali iko mahali fulani, kumbe ilihamishwa na mkandarasi ambaye hakurekebisha ramani. Mzee aliyekuwepo anajua. Akistaafu, kinachobaki ni ramani inayosema uongo.

Sasa mweke hapo kijana wa miezi mitatu kazini. Amepangiwa zamu ya usiku, maana wageni ndio wanaopewa usiku. Saa tisa alfajiri anaitwa kwenye redio kwamba maji yanavuja juu ya dari ya wodi. Ni lazima afunge vali, lakini akifunga isiyo yenyewe anakata maji ya chumba cha kusafishia figo. Hana wa kumuuliza. Afunge au asubiri?

Kwa vijana wetu kuna na jingine. Wengi wao Kiingereza ni lugha yao ya pili, ya tatu au ya nne. Yupo Mkongomani aliyekulia kambini, anazungumza Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo, na kazi anaiweza vizuri. Lakini redio ya kazini ina kelele, watu wanaongea haraka na kwa vifupisho, na yeye anaona aibu kusema "rudia tena". Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila kwenye kazi ya ugenini kuuliza kunaweza kuonekana hivyo. Kijana anayeogopa kuuliza ndani ya chumba cha gesi za tiba ni hatari kwake na kwa wagonjwa. Kosa hapo ni la waliomfanya aogope.

MSAADA UNAOSAIDIA

Tukisema vijana wasaidiwe, tusiishie kwenye maneno ya jumla ya kuwatia moyo. Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji bajeti ya kutisha.

La kwanza ni mlezi kazini. Awe mtu mmoja mwenye jina, aliyepewa kazi hiyo na bosi na kupunguziwa majukumu mengine ili aifanye. Kijana atembee naye jengo zima, sehemu kwa sehemu, akiandika. Siku ya majaribio ya jenereta asiwe mtazamaji; aambiwe kabla ni nini kitatokea, kisha aeleze mwenyewe alichokiona. Uanagenzi una sheria yake hapa Marekani tangu mwaka 1937, na fundi bomba na fundi umeme wamelelewa hivyo miaka yote. Hospitali nazo zinaweza kutumia utaratibu huo.

La pili ni kuandika kabla wazee hawajaondoka. Mzee aliyebakiza mwaka mmoja asipewe kazi ya kupanda ngazi. Apewe kijana na kamera, wapite kwenye kila vali na kila swichi, wapige picha, waweke lebo na kurekebisha ramani. Faida ni mara mbili: hospitali inabaki na kumbukumbu, na kijana anakuwa ameshalijua jengo.

La tatu ni muda na ada za vyeti. Anayeshika gesi za mitambo ya ubaridi anatakiwa kisheria awe na cheti cha EPA kinachoitwa Section 608, na habari njema ni kwamba kikishapatikana hakiishi muda wake. Kwa mabomba ya oksijeni na gesi nyingine za tiba kuna vyeti vya mfululizo wa ASSE 6000, na kile cha mafundi wa matengenezo ni namba 6040. Baadhi ya miji na majimbo yanadai leseni ya kuendesha boila. Juu kabisa kuna cheti cha meneja wa majengo ya afya, CHFM, kinachotolewa chini ya umoja wa hospitali za Marekani, American Hospital Association. Cheti hicho hakikuwekwa kwa wenye shahada pekee. Aliyeishia sekondari naye anaweza kukifikia, ila anadaiwa miaka mingi zaidi ya kazini. Kijana akionyeshwa ngazi hii mapema anajua anapanda kuelekea wapi.

La nne ni chama. Upo American Society for Health Care Engineering, kwa kifupi ASHE, ulioanzishwa mwaka 1962, na vipo vyama vya majimbo vinavyoshirikiana nao. Kijana akipelekwa kwenye mkutano mmoja wa jimbo anarudi na namba za simu za watu kumi wanaofanya kazi kama yake. Siku akikwama hatakuwa peke yake.

La tano ni ruhusa ya kusimamisha kazi. Kijana aambiwe wazi, na mbele ya wenzake, kwamba akiwa hana uhakika asiguse, apige simu, na hata kama atamwamsha bosi saa tisa alfajiri hataadhibiwa. Bosi akinuna mara moja tu, ruhusa hiyo imekufa.

Wasomaji wetu wa Uingereza wanaufahamu utaratibu wa kule. Hospitali za NHS zinafuata miongozo iitwayo Health Technical Memoranda, na kwa kazi nyeti kama mabomba ya gesi za tiba mtu hasemi tu kwamba anajua. Anafunzwa, anapimwa, kisha anateuliwa kwa maandishi, na kazi kwenye mabomba hayo inafanywa kwa kibali kilichosainiwa. Mpangilio huo unamkinga anayeanza. Anajua leo mipaka yake ni ipi, na anajua afanye nini ili mwakani ipanuke. Vijana wa Marekani wangefaidika wakiwekewa mipaka iliyo wazi namna hiyo tangu wiki ya kwanza.

NA SISI JE?

Jamii zetu hapa zina watu wengi ndani ya hospitali tayari. Hili tunalisema kwa wabeba maboksi wenzetu na kwa wasaidizi wa manesi waliochoka mgongo. Kama mwajiri wako ni hospitali, nenda ofisi ya utumishi uulize kama wanalipia masomo ya wafanyakazi. Sheria ya kodi ya Marekani imeruhusu kwa miaka mingi mwajiri alipie masomo ya mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi ya mapato kwenye fedha hizo. Kozi ya ubaridi na viyoyozi, ya umeme au ya boila kwenye chuo cha jamii cha mtaani kwako inaweza kuingia humo. Usingoje utangaziwe.

Kwa wale waliokuja na shahada za uhandisi kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi na sasa wanaendesha teksi, tunalo neno. Leseni ya uhandisi ya jimbo ina safari yake ndefu ya kutathminiwa vyeti na mitihani. Lakini kazi ya ufundi kwenye idara ya matengenezo ya hospitali kwa kawaida haidai leseni hiyo. Unaweza kuingia kwa mlango wa fundi huku unaendelea kushughulikia vyeti vyako. Wapo watakaokuambia umejishusha. Waambie chumba cha boila kina joto kuliko maegesho ya teksi mwezi wa Januari.

Na wale waliokwisha kuingia, tunawaomba wafungue mlango. Tunazo harusi, misiba na vikao vya kila jumuiya. Katika vikao hivyo tunachangishana mahari na tiketi za maiti, na ni jambo jema. Tukichangishana pia ada ya mtihani ya kijana mmoja kila mwaka, baada ya miaka kumi tutakuwa na watu kumi wenye vyeti, na kila mmoja wao anaweza kuvuta mwingine.

NYUMBANI NAKO

Msomaji wa nyumbani atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Miongoni mwa sababu walizozitaja kubwa ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa na miundombinu duni, yaani umeme, maji na majengo. Kenya ilipoanza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika kwa sababu mahali vilipopelekwa palikosa umeme, maji, vyumba au wataalamu. Mashine ilifika, jengo halikuwa tayari.

Vijana wa kuziba pengo hilo wapo. Dar es Salaam Institute of Technology inafundisha uhandisi wa vifaa tiba, na Kenya Medical Training College inatoa mafunzo ya uhandisi wa tiba. Wanapomaliza wengine hupangiwa hospitali ya wilaya ambako fundi ni yeye peke yake. Ni yule yule kijana wa zamu ya usiku, ila usiku wake ni wa mwaka mzima. Baada ya janga la Korona nchi zetu zilijenga mitambo ya kuzalisha oksijeni kutoka kwenye hewa. Mitambo hiyo ina chembechembe maalumu zinazonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Unyevu na mafuta ya kompresa yakizifikia, zinaharibika. Kuna kichujio cha kubadilisha kwa wakati wake, na asipokuwepo mtu aliyefundishwa kukibadilisha, mtambo wa fedha nyingi unageuka ghala la kuku.

Hapo diaspora tunaweza kusaidia vizuri zaidi ya tunavyofanya sasa. Tumezoea kujaza kontena mashine zilizotupwa na hospitali za huku. Umeme wa huku ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wa nyumbani ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma itarekebisha volti lakini haigusi mizunguko, na mota iliyotengenezwa kwa 60 itazunguka polepole ikipewa 50, mara nyingi ikipata joto. Mashine ya bure namna hiyo inaishia stoo, ikihesabiwa kwenye ile asilimia 40.

Kabla ya kontena, itumwe simu. Fundi wetu wa Ohio au Birmingham anaweza kuwa mlezi wa fundi mmoja wa Kigoma au Kitui kwa saa moja kila wiki mbili: waangalie pamoja picha ya mtambo, wasome kitabu chake, wapange ratiba ya matengenezo, wajadiliane kilichoharibika na kwa nini. Tena mlezi naye atajifunza, maana fundi wa wilayani anajua kufanya kazi bila vipuri kwa namna ambayo huku hatujawahi kulazimika.

Tunawaomba wasomaji wetu walio kwenye fani hii, huku na nyumbani, wajitokeze na kuwaambia vijana waliowazunguka kwamba kazi hii ipo, inaheshimika na inafundishika. Kama uko karibu kustaafu, anza wiki hii: mchukue kijana mmoja, mpeleke mpaka kwenye ile vali ambayo haipo kwenye ramani, na mwache aifunge na kuifungua mwenyewe wakati hakuna haraka.